Usiku wa Ijumaa

Asubuhi ya Alhamisi ile nilikuwa ofisini Dodoma, ghorofa ya pili, chai ya tangawizi mkononi, nasoma maoni ya wauzaji. Kazi hiyo naipenda kuliko inavyostahili kupendwa. Wauzaji hamsini na wanane wa Kanda ya Kati hunitumia maoni kila siku, na mengi ni ya kuchekesha. Mmoja wa Kondoa aliwahi kulalamika kwamba maneno niliyompa yanamfanya aongee kama mchungaji, wateja wanamjibu amina halafu hawanunui.

Maoni ya saba yalitoka kwa Zilipa Ntandu, muuzaji wetu wa Manyoni.

"Dada Mize, habari za kazi. Wateja wangu wote nimeshawaeleza na wamekubali, isipokuwa bibi mmoja wa Kipemba huku Majengo ambaye amechanganya siku. Anang'ang'ania kwamba dawa inatolewa leo. Nimemwambia ni kesho, akanicheka. Naomba maneno mepesi zaidi kwa ajili ya wazee."

Nilitabasamu, maana na mimi ni Mpemba, wa Wete, na najua bibi wa kwetu akishang'ang'ania jambo humtoi. Halafu nikaisoma tena. Nikaweka kikombe chini, na chai sikuigusa tena siku ile.

Nikafungua droo, nikatoa karatasi ya mafundi. Ilisema: kujisafisha kwa vipoza, Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa mbili usiku. Nikatazama kalenda ukutani. Alhamisi, tarehe kumi na nne.

Kipoza chetu ni kisanduku kinachokula jua mchana na kutunza baridi usiku. Watu wa kisukari huko vijijini huweka ndani yake insulini ya miezi mitatu. Mara moja kwa mwaka hujisafisha chenyewe: kwa muda wa saa nzima kinajipasha moto mpaka ukungu wote ufe, kisha kinarudi kwenye baridi yake. Saa hiyo dawa haitakiwi kuwa ndani. Insulini iliyopikwa humo haibadiliki rangi wala harufu. Mtu angeamka asubuhi, ajidunge kama kawaida, na angekuwa amejidunga maji. Angejidunga maji mpaka aanguke.

Kazi yangu ni kugeuza lugha ya mafundi iwe lugha ya mlangoni, maneno unayoweza kumwambia mama anayepepeta mchele asiache kupepeta. Kwa hiyo wiki mbili kabla nilikuwa nimeandika hivi: "Usiku wa Ijumaa, ikikaribia saa mbili, hakikisha dawa imetoka ndani."

Kwetu Pemba siku huanza jua likizama. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, usiku ambao mama yangu alifukiza udi na kutukalisha mkekani tusome Yasini huku tunasinzia. Sikuwaza hata kidogo. Niliandika kama ninavyopumua. Tena nikajisifu kwamba sentensi imekaa. Lakini Manyoni, Kondoa na Nzega, mtu akiambiwa usiku wa Ijumaa anangoja Ijumaa ipite mchana kutwa, ndipo aanze kuutafuta usiku wake.

Na sentensi ile ilipita mikono mitatu. Mkaguzi wa lugha, Bi. Mwanasha, mwenyeji wa Pangani, aliisoma akaelewa Alhamisi, akatia sahihi. Mkuu wa kanda, Mzee Mgonja, Mpare wa Same, aliisoma akaelewa Ijumaa, akatia sahihi. Sote tuliona sawa, kila mtu na sawa yake. Kisha nikabonyeza, ikaenda kwenye vichwa hamsini na vinane.

Nasema vichwa, sisemi simu. Mkoba, programu iliyo kwenye simu zao, huyapokea maudhui kutoka mezani kwangu na kuyashusha kwenye kitufe kidogo kilichobanwa nyuma ya sikio. Kina jina refu la kiofisi, lakini wauzaji wanakiita hirizi. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, muuzaji anakuwa anajua bei mpya, kifaa kipya, jibu la kila swali. Hasomi wala hakariri. Anajua tu, kama anavyojua jina la mama yake. Na kitu ambacho mtu anakijua namna hiyo hana sababu ya kukikagua.

Nilimpigia fundi mkuu kumwomba azuie moto. Akaniambia vipoza vilishameza amri tangu mwezi uliopita na havina mtandao wa kupokea nyingine, ndiyo maana ni vya bei nafuu. Nikamuuliza kama tunaweza kuwapigia wateja. Akacheka kwa huzuni, maana jibu nalijua. Sheria ya faragha inakataza kampuni kuweka majina ya wateja, na ni sheria nzuri, hata siku ile sikuilaani. Sisi tuna idadi ya vipoza tu: elfu moja mia tisa na sita. Nani anacho, anakaa mlango upi, ana mtoto gani anayejidunga kabla ya kwenda shule, hayo yamo kichwani mwa muuzaji, na kwingine hayamo.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi.

* * *

Mzee Mgonja si mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu alichoniambia mara ya kwanza kilinifanya nimchukie kwa muda wa nusu saa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Usiku wa Ijumaa si kesho?" akauliza.

"Ni leo."

"Tangu lini?"

"Kwetu, tangu dunia iumbwe."

Hakucheka. Alivaa miwani yake na kusema nirekebishe sentensi mara moja, iingie kwenye sasisho la saa saba mchana, kwa njia ya futa na uweke.

Kila siku saa saba, wauzaji wakikaa kula, Mkoba hushusha maudhui mapya. Yapo mambo mawili unayoweza kufanya. Kuna kuongeza, unapoweka jipya pembeni ya la zamani. Na kuna futa na uweke, unapong'oa la zamani na mizizi yake kisha ukapanda jipya shimoni. Sentensi inapong'olewa haiondoki peke yake. Inaondoka na kila mara uliyoitamka, na uso wa kila uliyemtamkia. Kwa bei za sabuni hilo halina neno. Nani anataka kukumbuka bei ya mwaka jana?

"Saa saba Zilipa atajua kwamba dawa inatolewa leo," nilimwambia. "Lakini hatajua kwamba aliwaambia watu ni kesho. Atakula ugali wake kwa amani. Na watu wake wamelala wakingoja Ijumaa yao."

Alipiga simu makao makuu kuomba tangazo la redio, mbele yangu, sauti ikiwa wazi ili nisikie. Walisema jambo hilo ni zito, linahitaji kikao. Kikao kitakaa kesho.

Nikamwambia basi tusifute. Tuwaache na sentensi ya zamani, tuwapigie mmoja mmoja, tuwaambie ukweli, wakawatoe watu kwenye makosa. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

"Mwaka wa Kahama ulikuwa wapi wewe?"

Nilikuwa shule, lakini habari za Kahama kila mtu anazijua. Hirizi zilikuwa mpya. Wauzaji kumi na mmoja waliingiziwa bei mbili za kitu kimoja, wakashinda kutwa wanatamka hii huku vichwa vyao vinajua ile. Kufika jioni walikuwa wamelala chini wameshikilia ardhi kwa kucha, wanasema dunia inapinduka. Ugonjwa huo ukapewa jina, kauli mbili. Nilichokuwa sikijui ni kwamba msimamizi wao alikuwa yeye.

"Kulikuwa na binti," Mzee Mgonja alisema. "Nilikipakata kichwa chake nyuma ya lori mpaka hospitali. Alikaa mwezi mzima hasemi. Wewe unataka nichukue hamsini na wanane, niwaambie wazunguke mlango kwa mlango wakitamka leo huku hirizi inawaambia kesho? Sirudii, Mize. Na wakifutwa hawatalala na dhambi. Hilo nalo ni jambo."

Sasa niseme kitu ambacho sikukisema siku ile. Mimi mhariri sivai hirizi. Futa na uweke ingefanyika, watu wa kukumbuka kwamba sentensi ile ilitoka kwenye mkono wangu wangebaki wachache mno, na hakuna hata mmoja wao aliye uwanjani. Zilipa angeendelea kuniita dada. Nilitamani. Nilisimama pale mbele ya meza yake, na kwa muda kidogo nilitamani sana, mpaka nikaona haya kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena.

Alipokuwa anaongea na makao makuu, Mzee Mgonja alikuwa ameandika namba ya mtu wa kumpigia kesho nyuma ya bahasha, kwa kalamu, kwa ule mwandiko wake wa kuku. Ni wa zamani, anaandika kila kitu. Nikaitazama bahasha ile.

"Hirizi haiwezi kufuta karatasi," nikasema.

Akanitazama.

"Waandike kwanza," nikasema. "Kabla ya saa saba. Kila mlango. Wasitamke, waandike tu. Kisha wafutwe, wapate sentensi sahihi, kichwani iwe moja. Halafu wasome karatasi yao wenyewe waende."

Aliuliza kama kuandika nako hakutawaangusha. Nikamwambia sijui, lakini madaktari wa Kahama walisema ugonjwa unapita mdomoni. Akauliza mtu atakayesoma karatasi ile baada ya saa saba ataiamini vipi, wakati kichwa chake kinamwapia kwamba hajawahi kukosea.

"Ni mwandiko wake mwenyewe, mzee."

"Mimi mwandiko wangu mwenyewe siusomi." Kisha akaisukuma bahasha kando. "Haya. Na kama hata mmoja akianguka, ni mimi niliyesema ndiyo. Si wewe."

* * *

Ujumbe niliurekodi mara tatu. Mara ya kwanza nilijikuta nasema "kumejitokeza hitilafu katika maudhui," nikaufuta kwa hasira. Hitilafu haijitokezi yenyewe. Mara ya pili nililia. Mara ya tatu ukatoka hivi, na saa tano kasorobo ukaingia kwenye simu zote hamsini na nane, simu tupu, bila kupita kwenye hirizi:

"Jamani, naitwa Mize Khatib, ninayewaandikia maneno. Nimekosea, na kosa ni langu, si lenu. Vipoza vitawaka leo saa mbili usiku, si kesho. Nyinyi mmewaambia watu kesho kwa sababu mimi niliandika vibaya. Saa saba mtafutiwa jambo hili na hamtalikumbuka. Kwa hiyo chukueni karatasi sasa hivi. Andikeni kila mliyemwambia kesho na akakubali. Msimtamkie mtu neno, andikeni tu. Juu kabisa mjiandikie barua fupi nyinyi wenyewe, mseme mnataka kufanya nini, ili baadaye mjiamini. Nisameheni. Nitakuwa kwenye simu kutwa nzima."

Nilidhani nitatukanwa. Sikutukanwa, ila kwa robo saa hakuna aliyejibu, na robo saa ile ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Kisha picha zikaanza kuingia. Watu hawa walikuwa hawajashika kalamu tangu shule, na wengi hawakuwa na karatasi. Waliandika kwenye mifuko ya saruji, nyuma ya kalenda za kanisa, kwenye daftari la hesabu la mtoto, na mmoja wa Mpwapwa kwa mkaa ukutani kwake, kisha akapiga picha ukuta. Majina yalikuwa machache. Muuzaji anamkumbuka mteja kwa mlango, kwa hiyo orodha zilisema: geti la kijani lenye mbwa kilema, mama wa mapacha, mwalimu mstaafu anayependa kubishana, nyumba ya jirani na mashine, babu asiyesikia, piga kelele.

Kulikuwa na mmoja tu aliyeshindwa kunyamaza. Masanja wa Nzega alikimbia kumwambia mkewe, akatamka leo mara mbili tatu, na mkewe akanipigia kwamba mumewe amekalia kreti la soda ameshika kichwa. Nikamfutia yeye peke yake saa ile ile, kabla ya wenzake. Nusu saa baadaye akasimama akaomba maji, na mkewe ndiye aliyemaliza kuandika orodha kwa kuwauliza majirani. Mzee Mgonja, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu, alitoka nje kidogo. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Saa saba kamili sasisho likashuka. Orodha arobaini na tisa zilikuwa zimeingia, na tisa nyingine waliniambia kwa maandishi kwamba zipo, picha tu ndiyo imegoma.

Saa saba na dakika kumi na mbili simu yangu ikaita. Alikuwa Zilipa.

"Dada Mize, shikamoo. Samahani kukusumbua wakati wa kula. Nina karatasi hapa mbele ya sahani yangu, sijui imetoka wapi."

"Marahaba. Inasemaje?"

Akasoma taratibu, kama mtoto wa darasa la pili. "'Zilipa, ni wewe unaandika. Umewaambia watu kesho, ni leo. Usibishane na karatasi, panda pikipiki.' Halafu kuna orodha, milango thelathini na mitatu." Nikasikia karatasi ikigeuzwa. "Mwandiko ni wangu, dada. Hata hii herufi zeta ni yangu, naikata katikati. Lakini sikumbuki kitu. Mimi najua ni leo. Nimejua ni leo siku zote. Ningewezaje kumwambia mtu kesho?"

Nilitaka kumweleza. Lakini nikaona kwamba nikimrudishia kauli ya kwanza kwa mdomo wangu, nitakuwa nimempeleka Kahama mwenyewe.

"Unaiamini?" nikamuuliza tu.

Nilisikia kijiko kikiwekwa mezani.

"Siielewi," Zilipa akasema. "Lakini mtu wa kuniandikia hivi kwa mwandiko wangu ni mimi tu, na mimi sijawahi kujidanganya." Halafu nikasikia pikipiki inawashwa.

* * *

Alasiri ile sina cha kuielezea sana, maana haikuwa na tukio, ilikuwa na hesabu. Kila mlango uliofikiwa, muuzaji alinitumia alama moja, na mimi niliichora mstari kwenye ubao mweupe, mafungu ya tano tano kama mtu anayehesabu mbuzi. Saa tisa tulikuwa na mia nne. Saa kumi na moja, elfu moja na sitini. Watu waliwasaidia bila kuombwa. Itigi mwalimu mkuu aliwatoa wanafunzi darasani, kila mmoja apite kwao na kwa jirani. Kondoa walitangaza msikitini baada ya swala ya alasiri, na kanisani wakapiga kengele, na yule muuzaji anayeongea kama mchungaji aliniandikia kwamba leo waliposema amina walisimama kweli.

Bi. Mwanasha alitoka chumba cha ukaguzi akaja kuchora mistari pamoja nami. Kila tukikutana macho tulikuwa tunajua sisi wawili tu, katika jengo lile, ndio tulioielewa sentensi ile jinsi ilivyo, na kwamba haikusaidia kitu.

Saa moja na robo jioni ubao ulikuwa na mistari elfu moja mia tisa na mitano.

Mmoja.

Bi. Mwanasha akahesabu upya, akapata vile vile. Tukapitia wilaya kwa wilaya, kila muuzaji na idadi ya vipoza alivyouza. Wote walikuwa wametimia isipokuwa Manyoni. Zilipa Ntandu: vipoza thelathini na vinne, milango thelathini na mitatu.

Nikampigia. Alikuwa amekaa kando ya barabara, anapumzisha mgongo, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Nilipomwambia bado mmoja, sauti yake ikaanguka.

"Kwenye karatasi hayupo, dada. Nimeisoma mara nne. Na kichwani hayupo."

Hayupo kichwani kwa sababu tulimfuta. Mimi ndiye niliyebonyeza. Mtu mmoja huko Manyoni, mwenye sura na mlango na ugonjwa, alikuwa amebaki bila kukumbukwa na mtu yeyote, na zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano. Zilipa alianza kulia. Mzee Mgonja akasema kwa upole kwamba elfu moja mia tisa na watano ni wengi, kwamba tumshukuru Mungu. Nikamwambia asiseme hivyo. Nilimwambia kwa ukali, mkuu wangu wa kazi, mbele ya watu, na yeye akainamisha kichwa.

Nilikaa. Nikajiuliza kwa nini Zilipa, aliyekata zeta zake vizuri hata akiwa na haraka, amruke mtu mmoja. Nikausikiliza tena ujumbe wangu mwenyewe. "Andikeni kila mliyemwambia kesho na akakubali."

Na akakubali.

Nikageuza uso, nikaitazama skrini yangu iliyokuwa imezimika tangu mchana. Nikaigusa. Maoni ya saba yalikuwa bado pale yamefunguka, pembeni ya chai iliyoganda utando.

"Zilipa," nikasema, "panda pikipiki. Nenda Majengo. Mtafute bibi wa Kipemba."

"Simjui bibi wa Kipemba mimi."

"Unamjua. Mlibishana. Hamkukubaliana siku, akakucheka."

* * *

Majengo wenyewe walimwonyesha, maana bibi wa Kipemba Manyoni yote ni mmoja, Bi. Mchanga, aliyeletwa huko na marehemu mumewe mfanyakazi wa reli. Zilipa aliacha simu wazi kifuani, sisi Dodoma tukawa tunasikia upepo, kisha mbwa, kisha hodi. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika sita.

"Karibu," ilisema sauti ya kikongwe. "Eh. Umerudi weye. Umekuja kunfundisha siku tena?"

"Bibi, shikamoo. Dawa yako, tafadhali, itoe ndani ya kipoza. Ni leo, bibi. Ni sasa hivi."

"Nshaitoa tangu alasiri. Iyo pale mtungini, nimeufunga kitambaa kibichi. Kwani leo si usiku wa Ijumaa?"

Bi. Mwanasha alijifunika uso kwa ushungi. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na Mzee Mgonja amechora mstari wa mwisho yeye mwenyewe, mrefu, umevuka ukingo wa ubao.

Zilipa alimwambia Bi. Mchanga kwamba kwenye simu yupo aliyeandika maneno yale, na kwamba naye ni Mpemba. Bibi akaomba simu.

"Mwana wa nani weye?"

"Wa Khatib Faki, bibi. Wa Wete. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto alikuja hapa asubuhi akanambia usiku wa Ijumaa ni kesho, mie nikamwona hana akili. Sasa naona mwenye kukosea ni weye, au sivyo?"

"Ni mimi, bibi. Niliandika vibaya."

"Hukuandika vibaya. Umeandika kama tunavosema." Alivuta pumzi. "Umesema na watu wa kwenu, ukadhani dunia yote ni kwenu. Ndilo kosa lako hilo, jengine huna."

Nikasema ndiyo, bibi. Hapo nikasikia, nyuma ya sauti yake, mngurumo mdogo ukianza, kama sufuria ya maji inapokaribia kuchemka. Saa mbili kamili. Kipoza cha Bi. Mchanga kilikuwa kinajipasha moto, kitupu, na huko Itigi na Kondoa na Nzega vingine elfu moja mia tisa na vitano vilikuwa vinanguruma vivyo hivyo, vitupu vyote.

"Kinapiga kelele," bibi akasema bila kushtuka. "Ngoja nimpe huyu mtoto chai, ametoka jasho. Siku nyengine andika na tarehe."

Tulikaa pale wote watatu bila kuinuka mpaka Bi. Mwanasha alipokumbuka kwamba hatujala tangu asubuhi. Mzee Mgonja akavaa koti. Mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya kikazi, lakini uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo wa miaka, kwamba taratibu ni taratibu na nitatakiwa kuandika barua ya kujieleza.

"Iwe mezani kwangu Ijumaa," alisema. Kisha akasita, akanitazama kwa wasiwasi wa kweli. "Ijumaa asubuhi."

"Haina shida, mzee," nikamwambia. "Asubuhi ya Ijumaa ni moja, kwetu na kwenu."